Kasha la bibi Wete: tuuze, au tufanye kama yule Mkorea aliyetunza vitu vya kale?

Baharia_Wete

Assalaam alaykum wanabarza.

Mimi ni mpishi wa meli, mzaliwa wa Wete, mwaka wa 17 huu niko baharini. Swali langu ni fupi lakini halieleweki bila ya habari yake, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwezi wa Shaabani, Allah amrehemu. Ameacha nyumba, mikarafuu isiyofika ishirini, na kasha. Kasha ni la msaji, limetiwa njumu ya shaba (utepe uliopachikwa ndani ya mti) mbele na ubavuni, chini lina droo tatu na moja wapo ni ya siri. Ndani tumekuta mabakuli matatu, sahani mbili kubwa za maua, dele la kahawa, mkufu wa fedha uliokatika, na msahafu wa kuandikwa kwa mkono uliofungwa ndani ya kaniki. Msahafu umekatika kurasa za mwanzo na za mwisho.

Katika yale mabakuli moja ni zito kuliko mengine, kijani chake kimefifia kama upande wa chini wa jani la mgomba. Hilo ndilo bibi alilokuwa akiandikiwa kombe. Mtoto akishikwa na homa, mwalimu wa chuoni huandika aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Nimelinywea mimi, amelinywea mama yangu. Watu wengine wanatumia sahani nyeupe. Kwa nini bibi yeye alishika lile la kijani, sikuwahi kumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Siku ya tatu baada ya hitma alikuja mnunuzi wa vitu vya kale. Akafungua, akapekua, akasema vyote pamoja na kasha lake shilingi 600,000. Mjomba anataka tuuze, kwa sababu mabati ya nyumba yake yamekwisha na masika yanakuja. Mama amenyamaza. Mimi nikaomba nipewe muda.

Sasa sababu ya kuomba muda ni hii. Oktoba 2024 meli yetu iliingia matengenezoni Busan, Korea Kusini, tukakaa siku 11. Injinia wetu wa pili ni Mkorea, mtu mzima, tunaheshimiana. Alikuwa akiniona nimejaza kabati la jikoni vibakuli vya kila bandari, akaniambia siku ya mapumziko nisizunguke madukani, nipande treni niende Daegu, kuna makumbusho yamefunguliwa mwezi uliopita. Treni haikuchukua hata saa nzima.

Makumbusho yale ni tawi la mkusanyo wa mtu mmoja, Jeon Hyeong-pil, aliyejulikana kwa lakabu ya Kansong. Kazaliwa Seoul 1906, kafariki 1962. Ukoo wake ulikuwa na ardhi kubwa ya mpunga, na urithi ukamwangukia yeye akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wakati huo Korea imeshikwa na Wajapani, tangu 1910, na vitu vya kale vinafukuliwa makaburini, vinapakiwa kwenda Tokyo na Osaka. Mzee mmoja bingwa wa hati, O Se-chang, akamkalisha kitako akamfundisha kutambua cha kweli na cha kuiga. Basi yule kijana akawa anatoa mali ya ardhi na kuingiza vyombo, picha na vitabu. Mwaka 1938 akajenga nyumba ya kuviweka pale Seoul, mtaa wa Seongbuk-dong, akaiita Bohwagak. Wakorea wanaihesabu kuwa makumbusho yao ya kwanza ya mtu binafsi.

Nilisimama mbele ya chombo kimoja kama gudulia: mabega mapana, mdomo mdogo, kinapungua kushuka chini, kimo sentimita 42 hivi. Kijani kilekile cha bakuli la bibi, lakini kina ubuluu kwa ndani. Mwili mzima una korongo wanaoruka baina ya mawingu. Walio ndani ya duara wanapanda, walio nje ya duara wanashuka. Nilikizunguka mara tano kuhakikisha, na ni kweli, hakuna hata mmoja aliyekosea njia. Chombo hiki alikinunua 1935 kwa won 20,000, fedha ambayo wakati huo, wanasema, ungepata nyumba 20 za vigae Seoul. Baadaye Mjapani akataka kumpa mara mbili yake, akakataa.

Lakini kilichonishika mimi si bei. Wale korongo hawakuchorwa kwa brashi. Fundi alichimba umbo lao kwenye udongo ambao haujakauka sawasawa, akajaza udongo mweupe kwenye shimo, na penye weusi akajaza udongo mwekundu ambao moto huugeuza mweusi. Akakwangua ikawa sawasawa, akachoma, akapaka rangi ya kioo juu yake, akachoma tena. Wao wanaita sanggam. Nilipoona picha za hatua zile nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani: hii ni njumu! Ami yangu alikuwa fundi wa makasha Malindi ya Unguja, na kila likizo ya skuli nilikuwa nikivuka kwenda kukaa kwake. Akichimba mfereji kwenye msaji kwa patasi nyembamba kama ukucha, akaupigilia utepe wa shaba, akapiga msasa mpaka ukipitisha kidole hujui mti unaishia wapi na shaba inaanzia wapi. Wale mafundi wa Goryeo, ufalme wa Korea wa zamani, walikuwa wakilifanya jambo hilohilo kwa udongo, karne ya 12 na 13.

Chumba kingine kilikuwa na kitabu, hakizidi karatasi 33, kimepigwa chapa kwa vibao vya mti mwaka 1446. Kinaeleza herufi za Kikorea zilizotungwa na mfalme Sejong: kwamba herufi hii imefuata umbo la ulimi ukigusa kaakaa, hii umbo la mdomo, hii la jino, hii la koo. Karne kwa karne hakuna aliyejua kilipo, mpaka kilipozuka Andong mwaka 1940, wakati skuli zimeshakatazwa kufundisha Kikorea. Inasimuliwa kwamba mwenye nacho alitaka won 1,000, Kansong akampa 10,000, kwa kuwa aliona bei ya 1,000 ni kukidhulumu kitabu. Akakificha mpaka Wajapani walipoondoka 1945. Vita vya Korea vya 1950 vilipompata akakimbia nacho, usiku analala nacho chini ya mto. Na karatasi zake mbili za mwanzo zilikuwa zimepotea, zikaandikwa upya kwa kuigiza. Nilipoona zile mbili nikaukumbuka msahafu wa bibi, nao pia uliopungua ni mwanzo.

Nilirudi melini nimenyamaza. Bibi alikuwa hai wakati ule. Nilimpigia simu nikamwambia asimpe mtu lile bakuli, akacheka akasema nani atalitaka.

Basi maswali yangu ni mawili. La kwanza, mtu asiye na mashamba ya kuuza anaanzaje kuvitunza vitu hivi visiharibike? La pili, kuna yeyote hapa Unguja au Pemba aliyetenga chumba nyumbani kwake akaweka vyombo vya wazee wake, watu wakaja kuona? Niambieni kwa kweli, hata kama jawabu ni kwamba tuuze.

BiKidaka_Shangani

Waalaykum salaam mwanangu. Pole kwa msiba, Mungu amlaze mahali pema bibi. Mimi nimestaafu, kazi yangu ilikuwa vyombo vya kale, na vingi vya namna hiyo nimevishika kwa mikono hii.

Kabla ya yote, kuanzia leo bakuli hilo lisioshwe kwa sabuni ya unga wala jivu, wala lisitiwe kitu cha moto. Ligeuze ulitazame kitako. Ile duara linalokalia, mahali pasipopakwa rangi ya kioo, pana rangi gani? Pakiwa pameungua wekundu kama tofali, basi uwezekano mkubwa ni la China, kutoka matanuri ya Longquan. Vyombo vya Longquan vimekuja pwani hii kwa majahazi ya kusi na kaskazi, na vigae vyake vinaokotwa Pemba mpaka leo kwenye magofu, Ras Mkumbuu na kwengineko. Chunguza na ndani katikati, upitishe kidole taratibu. Mara nyengine utahisi samaki wawili wamelala, au ua.

Usidhani litakuwa la Kikorea, na wala halipungukiwi kitu kwa hilo. Wakorea wenyewe walijifunza kijani hicho kwa Wachina, kisha njumu ya udongo ikawa yao. Maneno yako ya njumu yamenifurahisha sana, sijawahi kusikia mtu akiyasema hivyo, na ni sahihi.

Zile sahani za maua, tazama mgongoni. Ukiona neno Maastricht, au mnyama mwenye kichwa cha mtu, hizo ni za Uholanzi, za kiwanda cha Regout, zililetwa kwa wingi zama za masultani na watu wakizitungika ukutani. Si kongwe kama bakuli, lakini arusi ngapi za Wete zimepita juu yake!

Wazee wetu walikuwa na makumbusho nyumbani, sisi ndio tuliosahau. Vile vidaka ukutani vilichongwa kwa kuwekea mabakuli, si kwa kuwekea chaja za simu. Na makaburi ya nguzo yakipachikwa mabakuli ya Kichina kwenye chokaa, huo mtindo upo pwani nzima.

Msahafu usiutie ndani ya mfuko wa plastiki, kwa unyevu wa Pemba utaota ukungu kwa mwezi mmoja. Usigandishe karatasi kwa gundi ya utepe. Kaniki nayo inatoa rangi, ubadilishe, tumia bafta nyeupe iliyofuliwa bila ya buluu. Najua watu hutia karafuu kwenye makasha kufukuza wadudu. Zitie kwenye kifuko pembeni, zisigusane na karatasi, mafuta yake yanatia doa lisilotoka. Kasha liinue juu ya matofali manne, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa. Kila kitu kipige picha na rula pembeni, uandike nani alikitumia na kwa kazi gani. Hiyo habari ya kombe iandike leo usiku, kabla hujalala. Bakuli bila ya habari yake dukani ni bakuli tu.

Mtu_wa_Chake

Kaka Baharia, nakupa pole, na nitasema kinyume kwa nia njema.

Kansong alikuwa tajiri mkubwa. Tena soma mpaka mwisho wa habari yake. Ukoo wake ulibeba mzigo ule kwa vizazi, wakawa wanafungua milango mara mbili tu kwa mwaka, Mei na Oktoba, wiki mbili mbili, watu wanapanga foleni mtaani. Mwaka 2020 wakapeleka mnadani sanamu mbili za Kibuddha kwa sababu ya fedha, hazikupata mnunuzi, mwisho zikachukuliwa na Makumbusho ya Taifa ya Korea. Mwaka 2022 wakapeleka nyengine mbili, hazina za taifa kabisa. Na hilo jengo la Daegu uliloingia limejengwa na mji wa Daegu, si kwa mfuko wa ukoo. Ikiwa wao wamefika hapo, wewe mpishi wa meli utalipia vipi dari, rangi, mlinzi?

Hapa kwetu pia tumeona. Beit al Ajaib, jengo la Sultan Barghash la 1883, Disemba 2020 upande mmoja ulishuka chini. Jengo kama lile! Sasa chumba cha udongo Wete?

Mjomba wako anavujiwa. Mvua haingoji. Mimi nasema muuze sahani, dele na mkufu, mabati yapatikane, na lile bakuli na msahafu mvipeleke makumbusho ya Ngome pale Chake Chake, vikae penye watu wanaojua.

Baharia_Wete

Mtu wa Chake, ahsante, umesema ukweli na sikuchukia. Hayo ya mnada injinia aliniambia pia, na alipoyasema macho yake yalibadilika.

Bi Kidaka, shikamoo. Nimempigia mama video, kaligeuza bakuli chini ya taa. Kitako chekundu kama tofali! Kuna chembe tatu za mchanga zimegandia mle, zimeungua pamoja nalo. Mama alipitisha kidole ndani akasema anahisi mistari kama mapezi, kisha akanyamaza kidogo. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo akinywa kombe, bibi alikuwa akimwambia amalize mpaka amuone samaki. Alidhani ni maneno ya kumbembeleza mtoto. Miaka hamsini na kitu, na samaki wapo kweli, wawili, mmoja anamfuata mwenzake.

Sahani moja ina Maastricht. Ya pili muhuri umefutika.

Mwana_wa_Mkunazini

Ndugu yangu, hapa pana jambo limerukwa. Unasema umeomba muda, lakini wewe si mrithi. Maadamu mtoto wa kiume wa marehemu yupo hai, wajukuu hawarithi. Ikiwa marehemu hakuacha mume wala wazazi wala watoto wengine, mali ni ya mjomba na mama: mjomba mafungu mawili, mama fungu moja, baada ya kulipa deni na wasia kama upo. Kasha ni mali kama mikarafuu. Ukilizuia bila ya ridhaa yao umewazuilia haki yao, hata kama nia yako ni njema.

Njia zipo. Moja, ununue wewe fungu la mjomba kwa bei ya haki. Bei ya haki siyo ile ya mnunuzi aliyekuja siku ya tatu. Sasa unajua habari ya kitako na ya samaki, mjomba hajui, na kununua kwake bila kumwambia hakufai. Mbili, wakiridhia wote wawili, vitu viwekwe wakfu, na kwa hilo mnaweza kwenda Kamisheni ya Wakfu mkaandikishana, ili kesho mtoto wa mjomba asije akadai fungu. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Wazee wetu waliweka wakfu misahafu, visima, mikeka ya msikiti, sioni kwa nini bakuli la kombe lisifae, mradi manufaa yake yatajwe wazi ni ya nani.

Na kama mtataka kitu chochote kitoke nje ya nchi, hata kwa matengenezo, kaombeni kibali Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kwanza.

BiKidaka_Shangani

Samaki wawili! Mwanangu umenitoa machozi. Na ule mchanga usiukwangue, huo ni wa tanurini.

Mtu wa Chake, nakuunga mkono juu ya msahafu, karatasi ni ngumu kuitunza nyumbani. Lakini kabla ya Ngome au popote, uende ukapigwe picha kurasa zote. Nyaraka, ile hifadhi ya hati pale Kilimani Unguja, wana maandiko mengi ya Kiarabu na wanajua kuyashika. Juu ya bakuli sikubaliani nawe. Limekaa Wete kwenye unyevu huo huo bila mlinzi wala rangi ya ukuta, halina hata ufa. Adui wake ni mtu wa kuliangusha na mtu wa kulinunua.

Baharia_Wete

Mwana wa Mkunazini, jazakallah khayr. Nilipokusoma niliona aibu, maana kweli nilikuwa naongea kama mwenye mali.

Jana nilimpigia mjomba. Nilimwambia kila kitu: kitako, Longquan, samaki, habari za Daegu mpaka won 20,000. Nilimwambia pia kwamba bakuli hili huenda likapata mnunuzi wa kutoa zaidi ya ile 600,000 kwa lenyewe peke yake. Kwa bei ya yule mnunuzi fungu lake lingekuwa 400,000. Nimemwambia nitampa 1,500,000, laki saba sasa hivi kabla ya masika, iliyobaki meli ikifika Mombasa, na akitaka kwanza kulipeleka kwa mjuzi mwengine kulithamini afanye, nitangoja. Mama amesema fungu lake halitaki kwa fedha, anataka liwe wakfu kwa jina la bibi.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza hao samaki wako upande gani, maana yeye pia alikuwa akiambiwa amalize mpaka awaone, na hakuwahi kuwaona, kwa kuwa uchungu wa zafarani ulimshinda, akimwaga nyuma ya mlango. Jumamosi anakwenda Wete kuwatazama. Amechukua vipimo vya kidaka cha ukumbini simu ikiwa bado hewani: upana inchi 15, kina inchi 7. Bakuli lina inchi 12, kwa hiyo litatokeza nje inchi 5.

Bi Kidaka, ukutani pale kidaka kinaweza kuchimbwa ndani zaidi bila kuudhoofisha ukuta, au niwatafute mafundi chokaa wa huko Mji Mkongwe? Ukuta ni wa mawe na udongo, unene wake dhiraa moja na zaidi kidogo.

BiKidaka_Shangani

Usichimbe. Weka ubao wa msaji, utokeze inchi 6 mbele na uwe na ukingo mdogo, uupachike kwa vigingi, bila ya misumari. Mwana wa fundi wa makasha utaujua mwenyewe.